Vipande Thelathini na Vinane

Saa tatu asubuhi kioo cha kompyuta kilikuwa chekundu. Kila mahali alipopaswa kuwapo baba pamekaa kisanduku chekundu, na ndani ya kila kisanduku maneno ni yale yale: faili halipatikani. Mkasi alihesabu visanduku mpaka kumi na viwili akaacha, maana vilikuwa vinaendelea kwenda kulia kama foleni ya watu wasio na haraka.

Mkasi si jina la kuzaliwa. Wateja walimpa kwa sababu kazi yake ni kukata. Anapiga video za harusi, za mahafali, za matangazo ya biashara, kisha anajifungia chumba cha nyuma anakata. Mjomba aliyeshika kipaza sauti asitake kukiachia, anakatwa. Mlevi anayepita nyuma ya bibi harusi, anakatwa. Shangazi anayejikuna mahali ambapo shangazi hajikuni mbele za watu, anakatwa haraka. Mtaani pale wako watu wengi ambao heshima yao yote iko kwenye video, na heshima hiyo ameishona Mkasi.

Nyuma yake, kwenye kochi lililobonyea katikati, mama alikuwa amekaa na mkoba mapajani na fimbo kati ya magoti. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, ingawa hakuwa anatoka. Alikuwa anasubiri kuwekewa mumewe.

"Mbona kimya?" mama aliuliza.

"Inafunguka, mama."

"Nimezaa watoto watatu kwa muda mfupi kuliko huo."

Mkasi akacheka kidogo, kicheko cha kumdanganya mama kwamba mambo yako sawa. Mama haoni. Macho yalimuaga miaka kumi na miwili iliyopita, taratibu, moja kisha la pili, na tangu siku hizo ameyajua mambo ya nyumba kwa masikio kuliko wenye macho wanavyoyajua kwa kutazama. Kicheko cha uongo anakisikia kikiwa bado kooni.

Baba alikuwa anarudi siku hiyo kutoka hospitali, saa kumi jioni. Alikuwa fundi seremala, mwenye sauti nene na ya kukwaruza, kama randa inayopita kwenye ubao mkavu. Ugonjwa ulikaa kwenye koo. Daktari aliwaambia wazi kwamba uhai utabaki ila sauti itaondoka, kwa hiyo wachague, nao wakachagua uhai. Nani angechagua kingine? Mtu mwingine angerudi nyumbani akawa anamwandikia mkewe kwenye karatasi. Lakini huyu mke karatasi ataisoma kwa macho gani? Kwake yeye mumewe alikuwa sauti. Uso wake aliuacha miaka kumi na miwili nyuma, ndevu zikiwa bado nyeusi.

Ndiyo maana, kabla ya upasuaji, mzee alikaa mbele ya kamera ya binti yake alasiri tatu mfululizo akaongea na mkewe. Mama alipelekwa kwa jirani ili asisikie kabla ya wakati. Vilipatikana vipande arobaini na kimoja. Mkasi akavikata, akavipanga, zikatoka dakika ishirini na mbili za mzee akisema yote ambayo mwanamume husahau kusema akiwa na sauti. Kazi ilikwisha juzi. Kilichobaki kilikuwa kuitoa iwe faili moja zima, la kuchezwa hata kwenye simu. Hakuitoa, kwa sababu dakika ya saba palipita pikipiki nje, na yeye alitaka kuupunguza mlio wa ile pikipiki kwanza. Jana akashinda hospitali. Leo ndiyo hii.

Akachomoa waya wa diski ya nje. Akaupuliza, ingawa alijua fika kwamba hakuna waya uliowahi kupona kwa kupulizwa. Akauchomeka upande wa pili wa kompyuta. Nyekundu. Akazima kila kitu, akahesabu kumi, akawasha. Nyekundu ile ile.

Hakuogopa bado. Watu hudhani programu ya kuhariri video inazimeza picha na kuziweka tumboni. Haimezi kitu. Inachokumbuka ni njia tu: kipande fulani kiko kwenye diski fulani, ndani ya folda fulani, kinaitwa hivi. Ukikihamisha nyuma ya mgongo wake, yenyewe inabaki pale pale kwenye mlango wa zamani inabisha hodi. Dawa yake ni kuionyesha mlango mpya. Mkasi ameifanya kazi hiyo mara nyingi hata usingizini.

Akafungua diski aione hiyo milango. Folda zake zote hazikuwapo. Hakukuwa na BABA, hakukuwa na SHULE YA UDEREVA, hakukuwa na ile ya siri aliyoiandika RISITI ili mtu asiifungue. Badala yake zilisimama folda nne zenye herufi kubwa na namba mbele: 01 PICHA ZINAZOTEMBEA. 02 PICHA ZILIZOSIMAMA. 03 SAUTI. 04 MENGINEYO.

Mkono ule aliujua. Mumewe ni mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, na mtu yule hawezi kupita mahali akaacha vitu jinsi vilivyo. Nyumbani vijiko vimelala kwa urefu. Viatu vya mkewe vimepangwa kwa rangi, kiasi kwamba Mkasi akichelewa kutoka huvaa vya jana ili asiharibu safu.

"Ni mkweo tu," akamwambia mama, akapumua. "Amenipangia diski."

"Na amepanga vizuri?"

"Kama duka la dawa."

"Basi mwache. Baba yako hata misumari alikuwa anaiweka mdomoni."

Mkasi akabofya kisanduku cha kwanza, akaiamuru programu iunganishe upya, akaipeleka mpaka folda ya picha zinazotembea. Kipande cha kwanza, 0001, kilikuwapo. Akakichagua. Programu ikikipata kimoja huwatafuta wenzake yenyewe, na kweli, ikaanza. Wekundu ukaondoka kisanduku kwa kisanduku, kuanzia kushoto, mpaka mstari wote ukawa na picha. Ikatoa ujumbe wa kujivunia: mafaili yote yamepatikana.

"Imekubali," Mkasi alisema.

Mama alijiweka sawa kwenye kochi, akavuta gauni magotini, akashika mkoba kwa mikono miwili. "Haya. Niwekee mume wangu."

Hapo ndipo Mkasi alipokosea kwa furaha. Bila kutazama vizuri, akapandisha sauti na kubonyeza.

"—kabla hujaingia barabarani, angalia kioo cha pemb—" ilisema spika. "—nimesema klachi, dada, hiyo ni bre—" Ikanyamaza sekunde tatu. "—washa taa ya kulia. Kulia. Mkono unaolia chakula."

Mama aliinamisha kichwa upande, akasikiliza kwa adabu mpaka sentensi ikaisha.

"Huyu si mume wangu," alisema. "Mume wangu hajawahi kuendesha hata baiskeli ikanyooka."

"Ni tangazo la shule ya udereva, mama. Vimeingiliana kidogo."

"Kidogo?"

Mkasi alisogea karibu na kioo. Alikuwa anatazama kitu kingine. Juu ya mstari zilikuwa picha za mwalimu wa udereva mwenye kofia, zimekatwa mle mle alimomkatia baba, kila baba alipopumua mwalimu anakatwa kauli. Lakini chini yake, kwenye mistari ya sauti, mchoro ulikuwa bado ni ule wa zamani. Siku ya kwanza unapoingiza sauti, programu huichora, vilima na mabonde ya kijani, na mchoro huo huuweka akiba. Vile vilikuwa vilima vya baba. Mkasi alivijua vyote. Hapa anakohoa. Hapa anasimulia walivyogombana kwa ajili ya godoro, anacheka, kilima kinapanda mpaka juu. Hapa amenyamaza sekunde tisa, na yeye Mkasi alikataa kuzikata.

Na kile cha mwisho kabisa, kifupi, kimekaa peke yake. Aliyajua maneno yake kwa moyo. "Nikirudi sina sauti, mke wangu, nitakuwa giza la pili juu ya giza lako. Mtoto wetu mkubwa ana chumba kitupu kwake. Ukiona afadhali nikakae huko, nikifika niambie ndiyo tu. Sitauliza, na begi sitalishusha garini."

Akaweka kishale juu ya kilima kile, akabonyeza. "—na hapo umefaulu," alisema mwalimu wa udereva.

Akachukua simu akatoka hadi ukumbini.

"Mume wangu, uligusa diski yangu?"

"Umeiona?" Alikuwa na furaha, nyuma yake mabomba yanagongana. "Nilitaka nisikuambie uikute mwenyewe. Ilikuwa imevurugika, mke wangu. Nilipanga jana kutwa, siku yangu ya mapumziko."

"Vipande vya baba viko wapi?"

"Vyote viko 01. Ila nilikuta vimerudiwa. Thelathini na vinane, jina lile lile, mara mbili. Stoo ukikuta bidhaa imeandikwa mara mbili unafuta moja, la sivyo mwisho wa mwaka unahesabu hewa."

Mkasi aliegemea ukuta. Kamera yake huvipa vipande namba, kuanzia 0001. Ukifuta kadi ili upige kazi nyingine, inaanza tena 0001. Baba alipigwa kwanza. Wiki iliyofuata kadi ikafutwa, ikaenda shule ya udereva. Watu wawili wenye jina moja, lakini kila mmoja alikuwa anakaa folda yake, na hawakuwahi kugombana.

"Ulifuta ipi?"

"Ya zamani, bila shaka. Unabakiza mpya."

"Ulifungua hata kimoja ukaangalia?"

"Stoo hatufungui maboksi," alisema, sasa polepole. "Tunasoma lebo."

"Na pipa la taka?"

"Nilimwaga. Taka zikilala nyumbani siyo taka tena, zinakuwa wapangaji." Akasogea mbali na kelele.  "Kwani kuna nini?"

"Njoo nyumbani," Mkasi alimwambia.

Alipofika, saa tano, alikuwa bado na koti la kazi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alimwamkia mama mkwe, akasimama nyuma ya kiti cha mkewe, mikono imening'inia. Mkasi alikuwa ameshaijaribu kadi ya kamera. Kadi ilimpa udereva kisha ikampa udereva. Ilikuwa imeandikwa juu ya baba, namba kwa namba. Simu haikuwa na chochote, maana mzee hakuwahi kumtumia mtu ujumbe wa sauti maishani. Akiwa na neno, alikuwa anavaa viatu anakuja.

Ikabaki diski yenyewe. Faili lililofutwa haliondoki mara moja, linafutiwa tu anwani. Lenyewe hubaki limelala pale mpaka kitu kingine kije kulalia mahali pake. Iko programu ya kutafuta waliolala hivyo, na Mkasi alikuwa ameiwasha. Ilisema asilimia nne.

"Baada ya kumwaga taka," alimwuliza mumewe bila kugeuka, "uliweka kitu kingine humu?"

Mtunza stoo alisafisha koo. "Palikuwa na nafasi kubwa imebaki tupu."

"Ukaweka nini?"

"Nilisema nisiiache tupu. Nikahamishia rekodi za kamera ya ulinzi ya ghala. Za wiki sita."

Mkasi alifumba macho. Akamwona mumewe jana, mapumzikoni, amekunja mikono ya shati, ameridhika, anajaza ukuta wa ghala juu ya mdomo wa baba yake.

"Mnanong'ona nini?" mama aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Tunasubiri asilimia, mama."

"Asilimia ya nini?"

"Ya... kompyuta inatafuta."

"Inamtafuta nani? Baba yako yuko hospitali wodi namba sita, kitanda cha dirishani. Mimi kipofu najua."

Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kukodolea macho namba. Asilimia kumi na moja. Asilimia kumi na mbili, ikakaa hapo nusu saa kama iliyokwenda kunywa chai. Mtunza stoo aliuliza kama asaidie kitu. Akaambiwa hakuna. Akapanga waya zilizokuwa sakafuni. Mkewe akamtazama, akazivuruga tena, mwenyewe.

Saa nane programu ilimaliza. Ilileta mafaili thelathini na manane, ukubwa wake sawasawa. Akafungua la kwanza. Ghala. Korido ya ghala, taa moja inapepesa, mtu amebeba bomba. La pili, ghala. La tisa halikufunguka. La ishirini lilifunguka robo: juu ya kioo paji la uso la baba, mikunjo yake mitatu na kovu la patasi, kisha chini ya nyusi kijivu kitupu mpaka mwisho. Sauti hakuna. Katika kazi yote ile kilichookolewa kilikuwa paji la uso, na aliyehitaji alikuwa mtu asiyeona.

Mama alisimama, akaifuata sauti ya feni ya kompyuta kwa fimbo mpaka akagusa meza.

"Mmemfuta," alisema.

 Mkasi akamweleza yote, bila kukata. Mtunza stoo hakusubiri amalize, akapiga magoti sakafuni, koti la saruji na yote.

"Mama, nimekukosea. Nilidhani nasaidia. Sina hata neno."

"Anafanya nini huyu?" mama aliuliza.

"Amepiga magoti, mama."

"Inuka, mkwe wangu. Mimi sikuoni, unaumiza magoti bure." Akapapasa kiti, akakaa. Mikono yake ilikuwa inatafuta mkoba aliouacha kwenye kochi. "Wewe ulitunza tu, kama unavyotunza vyote. Na mimi nilijua zamani, mwanamume anayekunja soksi, siku moja atakunja kitu kisichokunjika."



"Mama," Mkasi alisema, "nayajua maneno yake yote. Nimeyasikiliza mara mia. Naweza kukuambia."

"Mara mia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unaijua ndoa yangu kuliko mimi."

"Mama, mwishoni kuna jambo alikuuli—"

Mama aliinua kiganja. "Usiseme. Ukinisemea wewe, kila nikiyakumbuka nitakusikia wewe. Na wewe sauti umechukua kwa shangazi zako. Nitalala vipi na shangazi zako masikioni?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Niachieni nafasi yake ikae wazi. Angalau hiyo."

Mkasi akanyamaza. Baadaye alijilaumu kwa kunyamaza kule, lakini mtu akikuomba hivyo, utafanyaje?

Ni mtunza stoo aliyerudi kwenye hesabu, maana mtu akizidiwa hukimbilia anachokijua.

"Vya mzee vilikuwa vingapi?"

"Arobaini na moja."

"Vya udereva?"

"Thelathini na nane."

"Basi thelathini na tisa, arobaini na arobaini na moja havikuwa na pacha," alisema. "Hivyo sikuvifuta. Haiwezekani niwe nimevifuta."

Vilikuwapo. Vimekaa mwisho kabisa wa folda, vitatu. Mkasi hakuwahi kuvitumia, hata kuvisikiliza hakuvisikiliza vizuri. Vilikuwa mabaki ya siku ya tatu, kamera ilisahaulika kuzimwa. Akamwambia mama kwamba viko vitatu, na kwamba hajui vina nini.

"Ni yeye?"

"Ni yeye siku ile."

"Weka."

Cha kwanza kilianza na mlango. Fimbo ikagonga kizingiti, na sauti ya mama ikaja, nyepesi, ya mtu mwenye habari. "Hamjamaliza tu? Jirani kaishiwa chai, kaishiwa na maneno, nikaona nirudi kwangu."

"Karibu, ke—" ilisema sauti nene.

"Unanikaribisha kwangu?" Kikaisha.

Mama kwenye kiti alikuwa ameacha mdomo wazi kidogo.

Cha pili kilikuwa dakika nne. Mama wa kwenye spika alieleza habari za paa la jirani, habari za mwanamke aliyeuza kuku mwenye jicho moja kama ana mawili, habari za dawa ya miguu. Alikuwa mchekeshaji kweli. Mzee alisikika akicheka puani. Mara moja alisema, "Mimi nilita—" na mara nyingine, "Lakini—" na mara zote mbili mama alimwambia angoje amalize. Hakumaliza. Kipande ndicho kilichoisha.

Cha tatu kilikuwa kifupi. Vyombo vililia. "Enhe," alisema mama, "na wewe ulikuwa unaongea nini humu siku tatu na huyo mtoto?"

Ikasikika pumzi. Ya ndani, ndefu, ya mtu anayejiandaa kubeba kitu kizito.

"Nilikuwa na—"

"Utaniambia baadaye. Kula kwanza, kinapoa."

Betri ya kamera ikaisha.

 Mtunza stoo, ambaye hakujua la kufanya na midomo yake, alisema, "Maneno manne mazima. Na vipande vitatu."

"Ana maneno mengi huyo mwanamke," mama alisema.  "Rudisha pale anapovuta pumzi."

Mkasi akarudisha.

"Tena."

Akarudisha. Mara ya sita mama alikuwa anaisimamisha mwenyewe, amemshika binti yake kifundo cha mkono, anakibana pumzi ilipofika mwisho, kabla ya yule mwanamke hajaingilia. Mkasi akaona ni bora aikate pale pale, ibaki pumzi tupu. Amekata watu maisha yake yote, hii ndiyo ilikuwa ya kukata. Alipoweka kishale mama akasema, "Niache humo. Usinisafishe."

Saa kumi na dakika tano gari la kaka mkubwa wa Mkasi, likimleta baba, liliingia uani. Walisikia milango miwili ikifungwa. Wa tatu, wa nyuma kwenye mizigo, haukufunguliwa.

Baba aliingia chumba cha nyuma mwenyewe, taratibu, amepungua, shingo imefungwa kitambaa cheupe chembamba juu ya tundu jipya la kupumulia. Pumzi ilipita chini ya kitambaa kile ikiwa na mlio mdogo. Aliitazama kompyuta, akamtazama Mkasi, akanyanyua nyusi: tayari? Mkasi alifungua mdomo amwambie.

"Nimekusikia," mama alisema, amegeukia ule mlio. "Nimesikia yote, mume wangu. Tangu mwanzo mpaka mwisho."

Hakuna aliyempangia aseme hivyo. Alikuwa amempangia mumewe zawadi, hana nyingine. Mtunza stoo alitazama sakafu. Mkasi alimtazama baba, kwa sababu katika chumba kile ni yeye na baba tu waliojua mwisho ulikuwa nini.

Baba alimsogelea mkewe, akauchukua mkono wake kwa mikono miwili, akasimama hivyo. Hakuubana, hakuupapasa. Aliushika kama anavyoshika ubao unaosubiri gundi ikauke. Mama alijua anasubiri kitu. Kwa masikio yake yale angekosaje kujua? Akatabasamu, akatafuta neno kubwa la kutosha kufunika yote asiyoyasikia.

"Ndiyo," alimwambia. "Kwa yote uliyosema, mimi ndiyo."

Baba aliinamisha kichwa polepole, akikubali, kama mtu aliyepewa vipimo na kukuta ndivyo alivyokadiria. Akaurudisha mkono wa mkewe kwenye paja la mwenyewe, vizuri, akaurekebisha. Kisha akageuka kuelekea mlangoni, kwenye gari lililokuwa na begi lake.

"Viatu hivyo vinakwenda wapi?" mama aliuliza. "Mbona anatoka?"

Mkasi alimwahi baba kizingitini, akasema yote kwa haraka, kwa mpangilio mbaya: diski, namba, ghala, pikipiki ya dakika ya saba. "Hajasikia, baba. Hajasikia hata kidogo. Hajui ulimwuliza nini."

Baba alisimama. Kwa sura yake haikujulikana kama amepata nafuu au ameibiwa mara ya pili. Alikuwa ameyasema mara moja tu, kwa sauti yake ya mwisho, na hakuwa na nyingine ya kuyasemea.

"Aliniuliza nini?" mama alisema nyuma yao.

Mkasi alimtazama baba amruhusu. Baba alitikisa kichwa, hapana. Akarudi hatua kwa hatua, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mkewe, magoti yamegusana.

"Haya," mama alisema. "Leo sina haraka. Chakula hakijaiva, hakuna kinachopoa. Niambie wewe mwenyewe."

Akafunga mdomo. Alikuwa amekaza mikono mapajani kama mwanafunzi. Mzee alivuta pumzi ndefu, mabega yakapanda, midomo ikafunguka, na pumzi yote ikatokea shingoni, chini ya kitambaa. Mama aliinama mbele kidogo. Akaendelea kusubiri.